Celine Aoko Wawili

Watu wa mtaa wa Fedha, Nairobi, hawakuiita hospitali ile kwa jina lililoandikwa juu ya lango. Waliiita kwa Kiilu, kwa sababu Daktari Kiilu ndiye aliyeianzisha katika vyumba viwili vya kupanga, akaikuza mpaka ikawa jengo la ghorofa nne lenye wodi ya akina mama na chumba cha upasuaji. Hospitali ilipokua, mafaili nayo yalikua. Yalijaa chumba chake, yakamwagika koridoni, na bomba la maji lilipopasuka mwaka mmoja yakalowa hadi wino ukachujuka. Hapo ndipo daktari alipokata shauri kwamba habari zote za wagonjwa zitolewe kwenye karatasi, zihamishiwe kule wanakokuita kwenye wingu, yaani ndani ya kompyuta za kampuni nyingine iliyo mbali, ambazo muuguzi angezifikia kwa intaneti akiwa wodini, na daktari hata akiwa sebuleni kwake.

Kazi hiyo alipewa Gordon Ooko.

Gordon alikuwa amevuka thelathini kidogo, na katika hospitali nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta. Alizaliwa Makadara, kwenye nyumba kuukuu zilizo karibu na reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa treni kabla hajastaafu na kurudi Siaya. Mlango wa pili aliishi Beldina Shitanda, muuguzi kutoka Kakamega, mjane mwenye binti mmoja. Mama yake Gordon alipougua ule ugonjwa uliokuja kumuua, Beldina ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akitoka kazini akaanzia hapo kabla hajafungua mlango wake mwenyewe. Na Gordon alipomaliza chuo akawa anazunguka tu mtaani na vyeti vyake, Beldina ndiye aliyeingia ofisini kwa Kiilu akasema, "Daktari, kuna kijana wetu anajua mambo ya kompyuta. Mjaribu tu." Kwa hiyo Gordon hakumwita Sista kama wafanyakazi wengine. Alimwita Mama Marion, kwa jina la binti yake, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto.

Kuhamisha mafaili kulikuwa kazi ya kuchosha kuliko alivyotarajia. Kuyaingiza kwenye mfumo hakukuwa tatizo. Vijana wa kibarua waliletwa wakayaandika. Tatizo lilikuwa majina. Mgonjwa mmoja aliweza kuwa na mafaili matatu, kwa sababu alipoteza kadi akafunguliwa faili jipya, au karani mmoja alimwandika Ooko na mwingine akamwandika Oko. Mfumo mpya uliyakusanya mafaili yanayofanana, ukamwekea Gordon mawili mawili kwenye skrini na kumuuliza: huyu na huyu ni mtu mmoja?

Kampuni yenye mfumo ilimtuma mtaalamu aitwaye Mwangangi aje amfundishe. Mwangangi alikuwa mtu wa maneno machache.

"Usiunganishe mpaka uwe na hakika," alimwambia. "Angalia kitambulisho, angalia namba ya simu. Ukiwa na shaka, mpigie mgonjwa mwenyewe. Ukiwaunganisha watu wawili, mmoja anapotea ndani ya mwenzake, na wewe hutamwona tena."

Gordon alianza vizuri. Alipiga simu. Wengine walimjibu kwa upole, wengine walimdhania mkora wa simu wakamtukana na kukata, naye akarudia kuwapigia. Lakini Daktari Kiilu alikuwa ameshapanga uzinduzi siku ya Jumatatu. Hema lilikuwa limeagizwa, mchungaji wa kuombea ameitwa, na Gordon, alipoulizwa mbele ya wakubwa kama atakuwa amemaliza, alijibu kwa kifua mbele kwamba atakuwa amemaliza.

Jumamosi alasiri bado orodha ilikuwa ndefu. Simu yake ilikuwa ikiita kila mara: timu ya mtaa wao ilikuwa ikicheza fainali, na marafiki walikuwa wamemwekea nafasi kando ya uwanja. Chini ya skrini kulikuwa na kitufe cha kuunganisha yote yaliyobaki kwa mkupuo. Gordon alikitazama kwa muda. Alijiambia kwamba mfumo wenyewe ndio uliosema wanafanana, na mfumo hauchoki kama binadamu. Akakibonyeza. Mfumo ukamuuliza kama amehakiki. Akabonyeza ndiyo, akafunga kompyuta, akaenda mpirani.

Jumatatu alipigiwa makofi chini ya hema. Mwezi haukuisha akapewa ofisi yake mwenyewe na cheo cha meneja.

Katika yale yaliyounganishwa walikuwamo wanawake wawili, wote wakiitwa Celine Aoko, wote wamezaliwa mwaka mmoja. Mmoja alikuwa karani wa ofisi aliyekaa hapo hapo Fedha na kuja kupimwa presha. Mwingine alikuwa muuza supu wa Kiamaiko, kule kwenye soko la mbuzi, na aliposajiliwa hakuwa amebeba kitambulisho. Huyu wa Kiamaiko aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini akiwa msichana, akaponea chupuchupu, na juu ya faili lake la zamani karani mwerevu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe dawa hiyo kamwe. Mfumo, ulipoambiwa kwamba hao wawili ni mtu mmoja, ulishika habari za aliyefika hospitalini karibuni. Aliyefika karibuni alikuwa yule Celine karani wa Fedha. Na karani, penye swali la aleji, alikuwa ameandikiwa: hana.

Miezi ikapita kwa raha. Wauguzi waliokuwa wakinung'unika kuhusu kompyuta walianza kuisifu. Hata Beldina, ambaye mwanzoni alikuwa akikigusa kipanya cha kompyuta kana kwamba kitamuuma, alimwambia Gordon koridoni, "Mwanangu, umetupunguzia kazi. Siku hizi sitafuti faili. Nabonyeza tu mtu anakuja."

Jumatano moja mchana wauzaji wenzake walimleta Celine Aoko wa Kiamaiko wakimshikilia huku na huku. Mfupa wa mbuzi ulikuwa umemkata mguu, kidonda kikaoza, na homa ilikuwa imempanda hadi anaongea maneno yasiyoeleweka. Daktari wa zamu aliandika penisilini ya sindano. Beldina, kabla ya kuichoma, aliuliza kama alivyouliza maisha yake yote.

"Kuna dawa inayomdhuru?"

Wenzake hawakujua. Mume wake, Odongo, simu yake haikupatikana. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akimwita mtu asiyekuwepo. Beldina akamtafuta kwenye skrini, akasoma, akasoma tena. Hana. Akachoma sindano.

Gordon alisikia miguu ikikimbia juu ya dari ya ofisi yake, kisha sauti ya daktari ikiagiza oksijeni. Uso wa yule mama ulikuwa umevimba mpaka macho yakafunikwa, koo likamfunga, na kwa kitambo kirefu hakupata hewa. Walimchoma dawa ya kumfungua koo, wakamrudisha, wakampakia kwenye ambulensi kwenda hospitali kubwa ya mjini.

Beldina alishuka ngazi akaja kusimama kwenye mlango wa ofisi ya Gordon. Alikuwa ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Gordon, niangalizie huyu mama. Anaitwa Celine Aoko. Kule anakopelekwa wanataka historia yake."

Gordon akamfungua. Hakuhitaji zaidi ya kumtazama. Namba mbili za simu, nyumba mbili, mwanamke mmoja anayeuza supu Kiamaiko na hapo hapo anapimwa presha akitokea ofisini. Vidole vyake vilianza kufanya kazi kabla hajaamua kitu: akawatenganisha. Mara yule wa Kiamaiko akajitokeza peke yake, na habari yake nyekundu juu. Akainua simu, akapiga hospitali kubwa, akawaambia kwamba mgonjwa anayekuja ana aleji ya penisilini. Alijiambia kwamba uhai wa mgonjwa ndio wa kwanza. Na hilo lilikuwa kweli.

Lakini Beldina alikuwa bado mlangoni, akitazama mgongo wa kompyuta, akingoja kuambiwa neno.

"Nimeshawapigia, Mama Marion," Gordon alisema. "Rudi tu wodini."

Naye akarudi.

Asubuhi iliyofuata waliitwa ofisini kwa Daktari Kiilu. Wakili wa hospitali alikuwapo, na kompyuta ilikuwa wazi mezani. Kiilu akaigeuza imwelekee Beldina.

"Sista, soma hapa."

Beldina akasoma ile habari nyekundu ya penisilini. Midomo yake ilitembea, ikasimama.

"Jana hii haikuwepo."

"Haikuwepo?"

"Palikuwa na neno hana. Nililisoma mara mbili, daktari. Nakumbuka."

Wakili akaandika kitu. Kiilu akamgeukia Gordon.

"Gordon, jana sistimu ilikuwa na shida?"

Baadaye Gordon alijaribu mara nyingi kukumbuka kama alifikiri kabla ya kujibu. Alichokumbuka ni kwamba Beldina alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya hospitali mikononi mwake.

"Jana sistimu ilifanya kazi vizuri," akasema. "Haikukatika hata mara moja."

Hapakuwa na neno la uongo katika sentensi ile. Aliichagua kwa sababu hiyo.

Beldina akageuka akamtazama. Gordon alikuwa amejiandaa kwa jicho la shaka, lakini halikuwa jicho la shaka. Lilikuwa jicho la mtu aliyemsikia shahidi anayemwamini. Kichwa chake kikainama polepole.

"Basi ni mimi," akasema. "Kama Gordon anasema hivyo, basi ni mimi."

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na jina lake likapelekwa kwenye kamati ya nidhamu ya wauguzi. Alivua beji yake akaiweka juu ya meza ya Kiilu, akaaga kila mtu kwa jina, akatoka na mkoba wake.

Kutoka hospitali kubwa habari zilikuja kwa mafungu. Celine Aoko yuko katika wodi ya mahututi. Celine Aoko amefumbua macho. Celine Aoko ameruhusiwa kwenda nyumbani, ila kwa ile hewa aliyokosa, mkono wa kulia umelegea, haushiki kitu.

Gordon aliendelea kwenda kazini. Alikaa katika ofisi yake mpya, akitatua shida ndogondogo za watu, huyu amesahau nywila, yule printa yake imegoma. Mtu akibisha hodi, alidhani wamegundua, kisha akaambiwa karatasi imekwama, akashukuru. Chakula kilimshinda. Usingizi ulipomjia ulimjia mchana, kwenye kiti. Mara kadhaa aliinuka aende kwa Kiilu, akafika kwenye mlango wake, akapita kama anayekwenda msalani.

Kila Jumapili baada ya kanisa alipita Makadara. Alibeba unga, mafuta ya kupikia, sukari. Beldina alivipokea kwa mikono miwili, akamwekea chai, akamwombea dua. Hakumlaumu mtu. Alichofanya ni kuirudia siku ile, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea katika mfuko aliokwisha kuukung'uta.

"Nilikuwa nimesimama upande huu," alimwambia. "Skrini ilikuwa hapa. Jua lilikuwa linapiga dirishani. Inawezekana jua ndilo lililofanya nisione, au vipi?"

"Inawezekana," Gordon alisema, akatazama ndani ya kikombe.

Kila alipotoka pale alijiona amezama zaidi. Alikuwa amekuja kusema, na badala yake alikuwa ameongeza uongo mwingine.

Kisha Beldina akampigia simu kumwomba amsindikize. Marion alikuwa chuoni, naye hakutaka kwenda peke yake. Alikuwa amesikia kuna duka zuri la miwani Buruburu.

"Nimefikiri sana," alisema walipokuwa wakitembea. "Ni macho. Mtu wa umri wangu, macho yanachoka bila yeye kujua. Nikipata miwani, hata mbele ya kamati nitaweza kusema: jamani, sikuona, sasa ninaona."

Alikuwa amevaa vizuri, kitenge chake cha kanisani na viatu vya ngozi. Walipofika kwenye barabara ya magari mengi alimshika Gordon mkono ili wavuke, na Gordon akavuka naye.

Mpimaji alikuwa kijana mpole aitwaye Masinde. Alimkalisha, akamsomesha herufi kubwa, akamsomesha ndogo, akamulika jicho moja, akamulika la pili. Gordon alikaa kwenye benchi la ukutani akisikiliza sauti ya Beldina ikizisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, bila kukosea.

"Mama, macho yako ni mazuri," Masinde alisema. "Nikikupa miwani nitakuwa nakudanganya."

Beldina akaomba apimwe tena. Masinde, kwa heshima, akampima tena, na majibu yakawa yale yale.

Walitoka nje wakakaa kwenye kiti cha saruji mbele ya duka. Ilikuwa saa ya mchana, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. Beldina alikaa na mkoba mapajani.

"Kama si macho, basi ni kichwa," akasema.

"Mama Marion."

"Ngoja nikwambie, kwa sababu huyo binti yangu sijamwambia. Mama yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anaapa kwamba amefunga mlango, na mlango uko wazi. Anaapa kwamba ameona kitu, na hakipo. Tulimcheka. Mwishowe hakutujua hata sisi watoto wake. Alikuwa ananiita sista wa hospitali, mimi niliyetoka tumboni mwake." Alikunja kamba ya mkoba, akaikunjua. "Nimeamua. Siku ya kamati sitabishana nao. Nitawapa leseni yangu kwa mkono wangu. Afadhali niache sasa kabla sijaua mtu. Na Marion nitamwambia aanze kujizoesha kukaa bila mimi."

Gordon akamgeukia.

"Kichwa chako ni kizima," alisema.

"Hujui, mwanangu."

"Ninajua. Ulisoma hana. Palikuwa pameandikwa hana. Ni mimi niliyefanya pakaandikwa hivyo, na ni mimi niliyebadilisha."

Akamwambia yote. Alimweleza kuhusu Jumamosi ile, orodha, kitufe, na mpira. Alimweleza kwamba kulikuwa na wanawake wawili wenye jina moja, naye aliwafanya mmoja. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, lakini Beldina hakumkatiza. Alikuwa ametulia kabisa, macho yake yakiwa kwenye lami.

Alipomaliza, Beldina aliuliza swali moja.

"Ulipowatenganisha, mimi nilikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ndiyo."

Beldina akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda. Gordon alimwona akingoja magari yapungue, akavuka peke yake bila kutazama nyuma.

Kesho yake Gordon hakupita kwenye mlango wa Kiilu. Aliufungua. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, uso hauonyeshi kitu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mama Beldina."

Kiilu akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Sikiliza, Gordon. Mimi si mtu wa kumwonea mtu. Beldina nitamrudisha. Nitaiandikia kamati kwamba tumelichunguza jambo hili tukaona onyo linatosha, naye atarudi wodini kwake bila kelele. Yule mgonjwa matibabu yake tunayagharimia mpaka mkono upone. Wewe yarekebishe yaliyobaki, kimya kimya, na tusonge mbele. Lakini ukisimama mbele ya kamati ukasema wagonjwa wangu wamechanganywa, hakuna mama wa Fedha atakayeleta mtoto wake hapa. Watu watasema wingu ni uchawi, warudi kwenye daftari. Umenielewa?"

Gordon alielewa. Na hapa aibu yake iliongezeka, kwa maana alipotoka mle ndani alihisi mzigo umepungua. Beldina atarudi kazini, mgonjwa atatibiwa, na yeye atabaki na ofisi yake. Nani angeumia tena? Alipiga simu ya Beldina ikaita hadi ikakatika. Jioni alikwenda Makadara. Marion ndiye aliyefungua mlango, akasimama katikati yake. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mama hataki wageni."

"Mwambie tu kwamba daktari amekubali kumrudisha. Itaandikwa onyo, lakini kazi yake iko."

Sauti ya Beldina ilitoka ndani, si ya hasira, ila haikuwa ile aliyoizoea.

"Onyo la nini?"

Gordon akamtazama Marion.

"Nauliza, Gordon. Naonywa kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, Mama Marion."

"Basi nenda ukaseme hivyo. Mimi sirudi mle kama mwizi aliyesamehewa."

Marion akafunga mlango taratibu.

Siku ya kamati Gordon alifika mapema akaomba kusikilizwa. Waliketi wanawake watatu na mwanamume mmoja, nyuso za watu waliokesha wodini miaka mingi. Alisema yote, na safari hii aliyasema kwa mpango. Beldina alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, mikono imekunjwa. Wakili wa hospitali alisimama kupinga, mwenyekiti akamwomba akae.

"Kijana," mwenyekiti alimuuliza, "kumtenganisha mgonjwa kulikuwa sawa. Kuwapigia wenzetu kule mjini kulikuwa sawa. Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kufukuzwa?"

"Hapana. Hata hilo, ndiyo. Lakini zaidi sikutaka yeye ajue kwamba ni mimi." Akamwonyesha Beldina kwa kichwa, bila kuthubutu kumtazama. "Wengine wote wangejua, sawa. Si yeye."

Mwenyekiti akamwambia anaweza kwenda.

Beldina alifutiwa lawama yote. Kiilu alimwandikia barua ya kumwomba radhi na kumwita kazini, naye akajibu kwa adabu kwamba anashukuru, ila amepata nafasi kwenye zahanati ya kanisa karibu na nyumbani. Gordon aliachishwa kazi. Lakini kabla hajaondoka, Mwangangi alirudi, akamwambia Kiilu wazi kwamba mfumo hauwezi kuendelea kutumika mpaka kila jina lililounganishwa Jumamosi ile lipitiwe upya, na hakuna mtu anayeyajua kuliko aliyeyaunganisha. Kwa hiyo Gordon alikaa kwenye meza ndogo koridoni, ofisi yake ikiwa imeshapewa mwingine, akawapigia simu wagonjwa mmoja mmoja. Walipatikana wengine waliochanganywa: mzee aliyeandikiwa kisukari cha jirani yake, mtoto aliyeandikiwa chanjo ambazo hakuwahi kuchanjwa. Mwangangi alikaa kando yake, akiangalia kila alichobonyeza, na hakumwambia neno la kumponda wala la kumfariji.

Mzee wa kisukari alimtukana. Mama wa yule mtoto alilia kwenye simu. Gordon aliwasikiliza wote mpaka wakanyamaza wenyewe. Aliona ni haki yao.

Makadara hakuenda tena bila kuitwa. Walikutana kanisani, naye Beldina alimpa mkono wakati wa kutakiana amani kama alivyompa kila mtu kwenye benchi lile, mkono mkavu, usiokaa. Gordon aliposema "Bwana asifiwe, Mama Marion," Beldina aliitikia "Amina." Neno mwanangu halikutoka.

Alibaki mtu mmoja ambaye Gordon hakumpigia simu, kwa sababu aliona si wa kupigiwa. Alipomaliza orodha alikwenda Kiamaiko kwa miguu yake. Soko lilikuwa limechangamka. Mbuzi walikuwa wakivutwa kwa kamba, wachinjaji wamevaa makoti yao meupe yaliyogeuka rangi. Aliuliza mama wa supu anayeitwa Celine, akaonyeshwa kibanda cha mabati chenye sufuria kubwa mbili juu ya makaa.

Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, kitambaa cha kijani kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, kiganja kimegeuka juu. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akichota supu na kuimimina vikombeni, na kila baada ya vikombe viwili matone yalimwagika mezani naye akayafuta.

Gordon alingoja wateja wapungue, akajitambulisha, akasema alichokuja kusema. Celine alimsikiliza akiendelea kuchota.

"Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa mtu mwingine," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Huyo mwenzangu anakaa wapi?"

"Fedha."

"Yeye ni mzima? Hawakumpa dawa zangu?"

"Ni mzima. Hawakumpa."

"Sawa." Akafuta meza. "Nilikuwa nafuma vitambaa pia, unajua? Jioni, nikitoka hapa. Vya sindano. Sasa siwezi."

Akachota kikombe kingine.

"Umekuja nikusamehe?"

"Sijui nimekuja kwa nini. Niliona usisikie kwa mtu mwingine."

"Hata mimi sijui kama nimekusamehe. Nikikwambia ndiyo sasa hivi, nitakuwa nakufukuza tu uniachie nafasi." Wanaume wawili waliovalia makoti ya uchinjaji walikuwa wameingia, wakakaa kwenye benchi wakimtazama Gordon. "Odongo akikukuta hapa leo hatutaongea vizuri. Njoo Jumatatu asubuhi. Jumatatu sina wateja wengi, na moyo wangu utakuwa umelifikiria hilo neno."

Gordon akasimama, akawapisha wale wanaume, akatoka katikati ya mbuzi.

Jumatatu alikwenda. Makaa yalikuwa ndiyo kwanza yanashika, na Celine Aoko alikuwa amevuta viti viwili akaviweka kivulini.